Upimaji wa vyanzo vya fotoni moja

Upimaji wa vyanzo vya fotoni moja ni sehemu ya fizikia ya nuru inayochunguza kama kifaa fulani hutoa kweli fotoni moja kwa wakati mmoja, na kama fotoni hizo zina sifa zinazohitajika katika teknolojia za kwanta. Fotoni ni kiasi kidogo kabisa cha nuru kinachoweza kutolewa au kupokewa na atomi, haigawanyiki vipande.

Upimaji huu hujibu maswali matatu:
- Usafi: je, kila mara hutoka fotoni moja tu, au pengine hutoka mbili na zaidi?
- Ufanano: je, fotoni inayotoka sasa inafanana kabisa na ile itakayotoka baadaye?
- Ung'avu: kifaa kikiamriwa kutoa fotoni, ni mara ngapi hutii?

Mwanga kuwa hafifu sana si uthibitisho kwamba unatoka fotoni moja moja. Leza iliyofifishwa hadi isionekane kwa macho bado hutoa fotoni mbili kwa pamoja mara kwa mara. Tofauti kati ya mwanga wa namna hiyo na chanzo halisi cha fotoni moja hujulikana kwa kuhesabu, kwa kutumia vigunduzi viwili na saa.

## Fotoni moja na mwanga hafifu

Fotoni ya mwanga mwekundu wenye urefu wa wimbi wa nanomita 637 ina nishati ya takriban 3.1 × 10⁻¹⁹ jouli. Kwa hiyo leza ndogo ya miliwati 1 yenye rangi hiyo hutoa fotoni zipatazo 3 × 10¹⁵ kila sekunde. Mtu anaweza kudhani kwamba akiweka vichujio vyeusi mbele ya leza hiyo, hatimaye atafikia mahali ambapo fotoni zinapita moja moja. Sivyo ilivyo.

Fotoni za leza huja bila kujali zilizotangulia, kama matone ya kwanza ya mvua kwenye paa la bati: kuna kimya kirefu, kisha matone mawili huanguka karibu kwa pamoja. Idadi yake katika kila mpigo wa leza hufuata mgawanyo wa Poisson. Leza ikififishwa hadi wastani wa fotoni 0.1 kwa kila mpigo, matokeo huwa hivi:

| Idadi ya fotoni katika mpigo | Uwezekano |
|---|---|
| Hakuna | asilimia 90.5 |
| Moja | asilimia 9.05 |
| Mbili au zaidi | asilimia 0.47 |

Yaani mipigo tisa kati ya kumi ni mitupu. Kati ya ile isiyo mitupu, takriban mmoja katika kila ishirini una fotoni zaidi ya moja. Leza ikififishwa zaidi, mipigo yenye fotoni mbili hupungua, lakini mipigo mitupu huongezeka. Hakuna kiwango cha kufifisha kinachoondoa kasoro zote mbili.

Mwanga wa balbu au wa jua una tabia nyingine. Fotoni zake hupendelea kuja kwa makundi, kama abiria wanaoshuka kila basi linaposimama stendi. Chanzo cha fotoni moja ni kinyume chake: ni kama mlango mwembamba unaopitisha mtu mmoja, kisha hukaa kidogo kabla ya kumpitisha mwingine.

## Historia

Njia ya msingi ya upimaji ilitokana na unajimu. Mwaka 1956 Robert Hanbury Brown na Richard Twiss, waliofanya kazi Uingereza, walionyesha kwamba mwanga wa taa ya zebaki ukigawanywa na kupelekwa kwenye vigunduzi viwili, ishara za vigunduzi hivyo huongezeka na kupungua kwa pamoja. Walitumia wazo hilohilo kupima upana wa nyota Sirius jinsi unavyoonekana kutoka duniani. Matokeo hayo yalizua ubishi mkubwa, kwa kuwa wanafizikia wengi hawakuamini kwamba fotoni zinazotoka katika atomi tofauti zinaweza kufika kwa pamoja.

Mwaka 1963 Roy Glauber wa Marekani alichapisha nadharia ya kwanta inayoeleza uhusiano wa fotoni katika aina mbalimbali za mwanga. Kwa kazi hiyo alipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2005.

Mwaka 1977 Jeff Kimble, Mario Dagenais na Leonard Mandel wa Chuo Kikuu cha Rochester waliangaza atomi za sodiamu kwa leza na kuona kwamba fotoni zake hukwepana: baada ya moja kutoka, nyingine huchelewa. Tabia hiyo haiwezi kuelezwa na nadharia yoyote inayoichukua nuru kuwa wimbi tu.

Mwaka 1986 Philippe Grangier, Gérard Roger na Alain Aspect, huko Orsay nchini Ufaransa, walitumia atomi za kalisi zilizotoa fotoni mbili kwa kufuatana. Fotoni ya kwanza ilitumika kama tangazo kwamba ya pili inakuja. Hiyo ya pili ilipofika kwenye kioo kinachogawa mwanga ilionekana upande mmoja tu. Hata hivyo, njia hizo mbili zilipounganishwa tena, fotoni zilezile zilionyesha mwingiliano wa mawimbi. Aspect alikuwa mmoja wa washindi watatu wa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2022.

Mwaka 1987 Chung Ki Hong, Zhe-Yu Ou na Leonard Mandel walionyesha jaribio la kupima ufanano wa fotoni mbili. Kuanzia mwaka 2000 vilipatikana vyanzo imara vya fotoni moja katika vitu vigumu, zikiwemo kasoro za almasi na nukta za kwanta.

## Vyanzo vinavyopimwa

Chanzo chochote kinachoweza kusisimuliwa na kisha kutoa fotoni moja kabla ya kusisimuliwa tena kinaweza kufaa. Vinavyotumika zaidi ni hivi:
- Atomi au ioni moja iliyonaswa kwa leza au kwa uga wa umeme.
- Molekuli moja iliyofungiwa ndani ya fuwele.
- Nukta ya kwanta, yaani kijichembe cha semikonda kinachowabana elektroni katika nafasi ya nanomita chache.
- Fuwele inayogawa fotoni: fotoni moja ya leza huzaa fotoni mbili zenye nishati ndogo, na moja hutangaza kuwapo kwa mwenzake.
- Kituo cha rangi, yaani kasoro katika mpangilio wa atomi za almasi au fuwele nyingine.

### Vituo vya rangi katika almasi

Almasi safi ni kaboni tupu na haina rangi. Atomi ngeni zikiingia ndani yake, au atomi ya kaboni ikikosekana mahali pake, sehemu hiyo hutenda kama atomi moja iliyofungwa ndani ya jiwe. Kituo kinachojulikana zaidi ni cha naitrojeni iliyo jirani na nafasi tupu. Kikiangazwa kwa leza ya kijani hutoa mwanga mwekundu unaoanzia nanomita 637, na hufanya hivyo hata katika joto la kawaida la chumba. Mwaka 2000 makundi mawili, moja la Munich nchini Ujerumani na jingine la Orsay, yalipima kituo kimojakimoja cha aina hiyo na kuthibitisha kwamba hutoa fotoni moja moja.

Kituo kingine kina atomi moja ya nikeli iliyozungukwa na atomi nne za naitrojeni. Mwaka 2004 watafiti walionyesha kwamba hutoa fotoni moja moja zenye urefu wa wimbi karibu nanomita 800. Mwanga wake umejikusanya katika ukanda mwembamba wa rangi, jambo linalorahisisha kuuchuja na kuutenga na mwanga usiotakiwa.

### Kaboni na nikeli za mkoa wa Lindi

Malighafi mbili zinazohusika na kituo cha nikeli zinapatikana katika wilaya mbili jirani za kusini mwa Tanzania. Wilaya ya Ruangwa ina mashapo ya grafiti, yakiwemo ya Chilalo, Nachu na Lindi Jumbo. Wilaya ya Nachingwea ina mashapo ya nikeli ya Ntaka Hill. Grafiti na almasi zote ni kaboni; tofauti yake ni mpangilio wa atomi. Katika grafiti atomi zimepangwa kwa matabaka yanayoteleza, na katika almasi kila atomi imefungwa na nyingine nne pande zote.

Katika njia ya shinikizo kubwa na joto kali, iliyofanikiwa katika maabara za kampuni ya General Electric mwaka 1954, grafiti huyeyushwa ndani ya metali ya moto kama nikeli, chuma au kobalti, kisha kaboni hutoka humo ikiwa almasi. Shinikizo linalohitajika ni mara 50,000 hivi ya lile la hewa, na joto huzidi nyuzi 1,300 za Selsiasi. Metali ikiwa ni nikeli, baadhi ya atomi zake hubaki ndani ya almasi, na naitrojeni huingia kutoka hewani. Kwa hiyo kaboni ya aina inayochimbwa Ruangwa na metali ya aina inayopatikana Nachingwea ndivyo viungo vya almasi yenye vituo vya nikeli. Almasi nyingi za utafiti wa kwanta siku hizi hutengenezwa kwa njia nyingine, ya kukuza tabaka za kaboni kutoka gesi ya methani, kwa sababu njia hiyo huruhusu usafi mkubwa zaidi.

Almasi ya asili nayo huchimbwa Tanzania, hasa Mwadui mkoani Shinyanga, ambako John Williamson aligundua mwamba wa almasi mwaka 1940.

Kuwa na kaboni na nikeli hakutoshi. Katika kipande kimoja cha almasi vituo vinaweza kuwa vingi kiasi kwamba mwanga wake kwa jumla hautofautiani na wa taa ya kawaida. Kama nukta ndogo inayong'aa chini ya hadubini ni kituo kimoja, viwili au kumi, jicho haliwezi kujua. Hapo ndipo kipimo kinapohitajika.

## Kupima usafi

### Mpangilio wa vifaa

Mwanga wa chanzo hukusanywa kwa hadubini, huchujwa ili kuondoa mwanga wa leza inayousisimua, kisha hupelekwa kwenye kioo kinachopitisha nusu ya mwanga na kuakisi nusu. Kila upande una kigunduzi kinachoweza kutambua fotoni moja. Saa ya kielektroniki huandika wakati wa kila ishara.

Fotoni ikiwa moja, itaonekana kwenye kigunduzi kimoja tu. Ikiwa chanzo hutoa fotoni mbili kwa pamoja, mara kwa mara moja itakwenda huku na nyingine kule, na vigunduzi vyote viwili vitatoa ishara kwa wakati mmoja. Hizo huitwa ishara za pamoja. Kioo na vigunduzi viwili vinahitajika kwa sababu kigunduzi cha kawaida, baada ya kutoa ishara, hakiwezi kupokea nyingine kwa muda wa makumi ya nanosekunde. Kigunduzi kimoja peke yake kingekosa kuona fotoni ya pili hata kama ipo.

### Uhusiano wa daraja la pili

Matokeo huelezwa kwa namba inayoitwa uhusiano wa daraja la pili, ambayo huandikwa g⁽²⁾(τ). Herufi τ ni tofauti ya wakati kati ya ishara za vigunduzi viwili. Namba hiyo hupatikana kwa kugawa idadi ya ishara za pamoja zilizoonekana kwa idadi ambayo ingetarajiwa kama fotoni zingekuja bila uhusiano wowote. Thamani muhimu zaidi ni ile ya τ = 0.

| Aina ya mwanga | g⁽²⁾(0) |
|---|---|
| Mwanga wa joto, kama wa balbu, ukipimwa kwa vigunduzi vyepesi vya kutosha | 2 |
| Leza, iwe kali au imefifishwa | 1 |
| Vituo vitatu vyenye nguvu sawa | 0.67 |
| Vituo viwili vyenye nguvu sawa | 0.5 |
| Kituo kimoja kamili | 0 |

Kwa vituo n vyenye nguvu sawa, kanuni ni g⁽²⁾(0) = 1 − 1/n. Ndiyo sababu maabara nyingi huchukua thamani iliyo chini ya 0.5 kuwa dalili ya kituo kimoja. Jedwali linaonyesha pia jambo lililotajwa mwanzoni: kufifisha leza hakubadilishi thamani yake, ambayo hubaki 1.

### Mfano wa hesabu

Tuseme kila kigunduzi kinatoa ishara 20,000 kwa sekunde, na ishara mbili huhesabiwa kuwa za pamoja zikitofautiana kwa muda usiozidi dirisha la nanosekunde 1. Kama fotoni zingekuja ovyo, ishara za pamoja zingekuwa:

20,000 × 20,000 × 10⁻⁹ = 0.4 kwa sekunde

Katika sekunde 1,000, yaani chini kidogo ya dakika 17, zingekuwa 400. Kama zilizoonekana kweli ni 20 tu, basi g⁽²⁾(0) = 20 ÷ 400 = 0.05.

Kosa la takwimu katika kuhesabu vitu 20 ni mzizi wa mraba wa 20, yaani takriban 4.5. Kwa hiyo matokeo huandikwa 0.05 ± 0.01. Chanzo kikiwa kizuri zaidi, ishara za pamoja huwa chache zaidi, na kipimo huhitaji muda mrefu zaidi ili kuaminika. Kupima kwa sekunde 50 tu kungetoa ishara moja pengine, au isitokee hata moja, na asiyeona ishara hana haki ya kuandika kwamba thamani ni sifuri.

Chanzo kikisisimuliwa kwa leza ya mipigo, mchoro wa matokeo huwa na vilele vinavyofuatana kwa nafasi sawa. Kilele cha katikati, cha τ = 0, hulinganishwa na vya pembeni. Vya pembeni vikiwa na ishara 1,000 kila kimoja na cha katikati 30, basi g⁽²⁾(0) = 0.03.

## Makosa yanayoweza kudanganya

Mwanga wa kando. Uchafu juu ya almasi, mwanga wa leza uliopenya kichujio, na ishara ambazo kigunduzi hutoa hata gizani huongeza ishara za pamoja. Asilimia 90 ya ishara zikitoka kwenye kituo kimoja kamili na asilimia 10 zikitoka kwenye mwanga wa kando, g⁽²⁾(0) itaonekana kuwa 1 − 0.9² = 0.19.

Vituo visivyo na nguvu sawa. Kama kuna vituo viwili, kimoja kikitoa asilimia 90 ya mwanga na kingine asilimia 10, g⁽²⁾(0) itakuwa 2 × 0.9 × 0.1 = 0.18. Namba hii iko chini sana ya 0.5 ingawa vituo ni viwili. Pia inakaribiana mno na ile ya mfano uliotangulia. Kwa hiyo mtu akipata 0.18 hawezi kuamua moja kwa moja kwamba ana kituo kimoja chenye mwanga wa kando, kisha akauondoa mwanga huo kwa hesabu ili apate sifuri. Lazima kwanza apime mwanga wa kando peke yake, kwa mfano mahali jirani pasipo na kituo. Taarifa nzuri ya upimaji huonyesha thamani kabla ya marekebisho na baada yake.

Uzito wa saa. Kigunduzi na saa yake havitaji wakati kwa usahihi kamili. Vigunduzi vya silikoni huyumba kwa makumi hadi mamia ya pikosekunde. Kituo cha naitrojeni katika almasi hukaa kimesisimuliwa kwa takriban nanosekunde 12, kwa hiyo kasoro hiyo haidhuru. Kwa nukta ya kwanta inayotoa fotoni kwa muda ulio chini ya nanosekunde 1, shimo la katikati ya mchoro linaweza kufunikwa na kuonekana dogo kuliko lilivyo.

Vigunduzi vinavyoangazana. Kigunduzi cha silikoni kinapotoa ishara, chenyewe hutoa mmweko mdogo wa mwanga. Mmweko huo ukirudi kupitia kioo hadi kwenye kigunduzi cha pili, huzaa ishara za pamoja za uongo. Huzuiwa kwa vichujio na vitundu vidogo.

Dirisha la wakati. Mpimaji akichagua dirisha dogo sana katikati ya kilele, anaweza kupata thamani ya kuvutia kwa kuacha nje fotoni za pili zilizochelewa kidogo. Ndiyo maana upana wa dirisha hutajwa pamoja na matokeo.

## Kupima ufanano

Chanzo kinaweza kuwa safi kabisa na bado kisifae kwa kompyuta ya kwanta, kwa sababu fotoni zake hazifanani. Fotoni mbili hufanana zikiwa na rangi moja, umbo moja la wimbi, mwelekeo mmoja wa mtetemo na wakati mmoja wa kufika.

Ufanano hupimwa kwa jaribio la Hong, Ou na Mandel. Fotoni mbili huingizwa kwenye kioo kinachogawa mwanga, kila moja kutoka upande wake, kwa wakati mmoja. Zikiwa tofauti, nusu ya mara hutokea kupitia milango tofauti. Zikifanana kabisa, daima hutoka pamoja kupitia mlango mmoja, hivyo vigunduzi viwili havitoi ishara za pamoja. Mwingiliano huo hutokana na kanuni za kwanta. Fotoni hazigongani wala kusukumana.

Mpimaji hufanya jaribio mara mbili. Kwanza huzifanya fotoni ziwe tofauti kwa makusudi, kwa kugeuza mwelekeo wa mtetemo wa mojawapo kwa nyuzi 90. Kisha huziacha zifanane. Mara ya kwanza ikitoa ishara za pamoja 200 na ya pili 12, kiwango cha ufanano ni (200 − 12) ÷ 200 = 0.94. Mwanga wa leza mbili zisizo na uhusiano hauwezi kuzidi 0.5 katika jaribio hili.

Katika vitu vigumu, adui mkuu wa ufanano ni mtetemo wa atomi zinazozunguka kituo. Joto likiongezeka, mtetemo huo hubadilisha rangi ya fotoni kidogo kidogo. Kituo cha naitrojeni hutoa sehemu ndogo tu ya fotoni zake, asilimia chache, katika rangi yake kamili ya nanomita 637. Nyingine hupoteza nishati kwa mtetemo. Kwa sababu hiyo vipimo vingi vya ufanano hufanywa katika baridi ya nyuzi chache za kelvini juu ya sifuri kamili.

## Kupima ung'avu

Ung'avu ni uwezekano kwamba amri moja itazaa fotoni moja inayofikika. Chanzo kikisisimuliwa mara 1,000,000 kwa sekunde na vigunduzi vikatoa ishara 50,000, mtu angeweza kusema ung'avu ni asilimia 5. Lakini vioo, vichujio na vigunduzi hupoteza fotoni nyingi. Kama vifaa hivyo kwa pamoja hupitisha asilimia 20 tu, ung'avu kwenye lenzi ya kwanza ni asilimia 25. Namba zote mbili ni sahihi, ila hazimaanishi kitu kimoja, na lazima ielezwe ni mahali gani fotoni zilihesabiwa.

Almasi ina tatizo lake. Hupinda nuru kwa nguvu sana, kiasi kwamba miale inayofika usoni mwake kwa pembe inayozidi nyuzi 25 hivi kutoka kwenye mstari wima hurudishwa ndani. Sifa hiyohiyo inayoifanya imetemete kwenye pete huwanyima watafiti fotoni nyingi. Hupunguzwa kwa kuchonga nguzo ndogo au vikuba vya lenzi juu ya almasi, au kwa kutumia chembe zake za ukubwa wa nanomita.

Vigunduzi navyo vimeboreka. Vile vya waya mwembamba wa upitishaji mkuu, vilivyoonyeshwa kwanza mwaka 2001, hutambua zaidi ya asilimia 90 ya fotoni, lakini huhitaji kupozwa hadi kelvini 1 hadi 4. Vya silikoni hufanya kazi bila baridi kali hiyo, ila havioni vizuri mwanga uliozidi nanomita 1,000 hivi.

## Umuhimu

Matumizi yanayotegemea zaidi vipimo hivi ni usambazaji wa funguo za siri kwa njia ya kwanta, uliopendekezwa na Charles Bennett na Gilles Brassard mwaka 1984. Watu wawili hubadilishana fotoni moja moja ili kutengeneza ufunguo wa kufungia ujumbe. Mdukuzi akiipima fotoni njiani huibadilisha, na alama ya uharibifu huonekana.

Ulinzi huo hudhoofika mpigo mmoja ukibeba fotoni mbili. Mdukuzi anaweza kuchukua moja na kuiacha nyingine ipite bila kuguswa, akapata sehemu ya ufunguo bila kuacha alama. Kwa hiyo thamani ya g⁽²⁾(0) ya chanzo huingia moja kwa moja katika hesabu ya usalama: mnunuzi aliyeuziwa leza iliyofifishwa kwa jina la chanzo cha fotoni moja angekuwa na kinga pungufu kuliko anayodhani. Mifumo mingi inayouzwa hutumia leza zilizofifishwa kwa uwazi, na hujikinga kwa kutuma mipigo ya mtego yenye nguvu tofauti. Njia hiyo ilipendekezwa mwaka 2003 na kukamilishwa mwaka 2005. Barani Afrika, mawasiliano ya uwanja wa Moses Mabhida mjini Durban yalilindwa kwa funguo za kwanta wakati wa Kombe la Dunia la mwaka 2010, chini ya mradi wa Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal.

Vyanzo vya fotoni moja hutumika pia katika kompyuta za kwanta za nuru, ambazo hudai usafi, ufanano na ung'avu kwa pamoja. Chanzo kikifaulu katika kimoja na kushindwa katika kingine, makosa yake huongezeka kwa kasi kadiri idadi ya fotoni inavyozidi. Kwa mfano, ung'avu wa asilimia 25 unaonekana mzuri kwa fotoni moja, lakini vyanzo kumi vya aina hiyo vitatoa fotoni zote kumi kwa pamoja takriban mara moja tu katika majaribio milioni moja.

## Tazama pia

- Fotoni
- Fizikia ya kwanta
- Leza
- Almasi
- Grafiti
- Nikeli
- Wilaya ya Ruangwa
- Wilaya ya Nachingwea